Maswali ya Wasomaji: Uzi ukishaingia shavuni, mwili unafanya nini?

Tangu toleo lililopita, nilipogusia habari za nyuzi za kunyanyua uso, barua na ujumbe wa simu vimemiminika. Wengi mnauliza bei na mahali pa kupata huduma. Hayo sitayajibu. Nitajibu kile ninachokijua kwa kazi yangu. Nimekuwa muuguzi wa thieta hapa Mbeya, nimewakabidhi madaktari nyuzi za kila aina, kisha nikahamia kliniki ya vidonda, nikawa naona nyuzi zile zile zinavyopokelewa na nyama ya mtu. Nimechagua barua zinazouliza yale ambayo wengi mmeyauliza, nikazifupisha.

*Sista, shikamoo. Nauza vitenge Mwanjelwa, nina miaka 51. Mashavu yangu yameshuka na mstari wa taya umepotea. Rafiki yangu alikwenda Dar es Salaam mwaka jana akawekewa nyuzi. Alirudi uso umenyanyuka kweli, tukamshangilia. Sasa naona umerudi chini, labda si wote. Yeye anasema nyuzi zimeyeyuka ila kazi yake imebaki. Zinayeyukia wapi? Na hiyo kazi iliyobaki ni ipi?*
Mama wa Mwanjelwa, Mbeya

Marahaba, mdogo wangu. Rafiki yako hajakudanganya, lakini kuna mambo mawili hapo, na mtu asipoyatenganisha anakalia kile kiti bila kujua analipia nini.

La kwanza ni kuvutwa. Uzi wa kunyanyua una miiba midogo iliyochongwa ubavuni, na nyuzi nyingine zina vikoni vidogo badala ya miiba. Mtaalamu anapiga ganzi, anatoboa tundu karibu na panja, pale nywele zinapoanzia, kisha anapitisha sindano ndefu yenye uzi kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi, kushuka mpaka jirani na pembe ya mdomo au taya. Sindano ikichomolewa uzi unabaki. Anauvuta juu, miiba inashika, ngozi na mafuta vinafuata, kisha anaukata mwisho na kuuacha ujifiche ndani. Unyanyukaji mlioushangilia ulitokana na kuvutwa huko, pamoja na uvimbe wa siku za mwanzo. Uvimbe unajaza shavu na kuficha mikunjo. Ukishakauka, wiki ya 2 au ya 3, sehemu ya ule uzuri inaondoka nao, na hapo ndipo wengi wanaanza kujitazama kwenye kioo kwa wasiwasi.

La pili ni majibu ya mwili, na hapa ndipo swali lako lilipo.

Sindano inapopita, vishipa vidogo vinakatika na damu kidogo inaganda kuuzunguka uzi. Ndani ya dakika chache protini za damu zinajibandika juu ya uzi, na seli zitakazofika baadaye zitakutana na tabaka hilo la protini kwanza. Saa chache baadaye zinafika chembe nyeupe za damu zinazokimbilia kila jeraha. Kazi yao ni kuua vijidudu, na kama uzi uliingia ukiwa safi, kwa kawaida siku 2 au 3 zinatosha, zinapungua. Wanaofuata ni makrofaji, seli kubwa ambazo kazi yake ni kula takataka. Zinajaribu kuumeza uzi. Uzi ni mkubwa mno kwao, basi zinaungana nyingi pamoja na kuwa seli moja kubwa yenye viini vingi, inajilaza juu ya uzi na kukaa papo hapo. Kipande hicho cha nyama kikiwekwa chini ya hadubini miezi kadhaa baadaye, seli hizo kubwa bado zinaonekana zimeukalia uzi.

Makrofaji hao hao ndio wanaoziamsha fibroblasti, seli zinazofuma kolajeni, yaani protini inayoipa ngozi na nyama uimara wake. Wiki za mwanzo zinafuma kolajeni laini ya aina ya III, isiyo na mpangilio. Miezi inavyokwenda, hiyo inaondolewa kidogo kidogo na mahali pake panachukuliwa na kolajeni ya aina ya I, ngumu zaidi, inayojipanga kufuata mvutano. Ganda linajengeka kuuzunguka uzi wote. Kule kwetu Rungwe mtu akifunga waya wa uzio kwenye mti, miaka ikipita gome linaumeza waya. Shavuni mambo ni hivyo hivyo, ila waya wenyewe ndio unaoyeyuka na ganda linabaki kwa muda.

Ganda hilo ni kovu. Hiyo ndiyo kazi iliyobaki kwa rafiki yako. Nalisema wazi kwa sababu kwenye matangazo mtaambiwa "kuamsha kolajeni", na watu wanafikiri ni kolajeni ya ujana inayorudi shavu zima. Inayotengenezwa ni kolajeni ya jeraha, imelala kufuata njia ya uzi, katika ukanda mwembamba sana. Katikati ya uzi na uzi, nyama iko vile vile ilivyokuwa. Na mengi tunayoyajua kuhusu ganda hili yametoka kwenye panya na wanyama wengine wa maabara, kwa kuwa ni watu wachache watakaokubali kukatwa kipande cha shavu ili kichunguzwe.

Sasa, zinayeyukia wapi. Zamani thieta tulitumia katgati, uzi uliotengenezwa kwa utumbo wa kondoo au ng'ombe. Huo mwili unaumeng'enya kwa vimeng'enya vyake, kwa vita kali. Nakumbuka vidonda vilivyoshonwa kwa katgati: siku ya 4 au ya 5 ukipitisha kidole cha glavu kando ya mshono unasikia joto, na kila tundu la sindano limezungukwa na kipete cha nyama ngumu iliyovimba. Polidioksanoni, ambayo wapasuaji wameitumia kushonea tangu miaka ya 1980 na ndiyo inayotumika sana usoni siku hizi, ni ya upole zaidi. Inavunjwa na maji ya mwilini. Maji yanaingia ndani ya uzi, yanakata minyororo yake vipande vipande, na vipande hivyo vingi vinatoka kwa mkojo. Uzi mwembamba wa aina hiyo unakuwa umepoteza sehemu kubwa ya nguvu yake wiki ya 6, na miezi 6 mpaka 8 umekwisha kabisa. Asidi ya polilaktiki inakaa zaidi, mwaka na kuendelea, na polikaprolaktoni inaweza kufika miaka 2.

Hebu ipime mwenyewe. Uzi unalegea mapema, na kovu changa bado ni laini. Kovu lolote linahitaji miezi kadhaa kukomaa, na hata likikomaa halifikii nguvu ya nyama ambayo haijawahi kukatwa. Wakati huo wote wewe unacheka, unatafuna, unapiga miayo, unalalia shavu. Mafuta ya shavu ni laini, miiba inayakata taratibu na kupita. Ndiyo maana kwa wengi uso unarudi ndani ya mwaka 1, huku mabaki ya kovu yakibaki humo na kusaidia kidogo.

Kuna historia fupi inayofaa kujulikana. Uzi wenye miiba ulipewa hataza, hati ya kulinda uvumbuzi, Marekani mwaka 1964 kwa jina la John Alcamo, lengo likiwa kushona bila kufunga fundo. Miaka ya 1990 mpasuaji Marlen Sulamanidze akaupeleka usoni, akitumia polipropilini, plastiki isiyoyeyuka. Shida yake ni kwamba uzi huo ukihama au ukichomoza, unakaa hapo hapo mpaka utolewe. Nyuzi zinazoyeyuka zilipendwa baadaye kwa sababu hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza anayetaka kukuwekea ni hili: uzi wako umetengenezwa kwa nini? Akikujibu "ni wa kolajeni tu", inuka uondoke.

Nikurudie wewe. Katika miaka yako mwanamke anakuwa anakoma hedhi au ameshakoma, na miaka 5 ya kwanza baada ya hapo ngozi inaweza kupoteza kama asilimia 30 ya kolajeni yake. Mifupa ya uso nayo inapungua, hasa taya na pembeni mwa macho, na vifuko vya mafuta ya shavu vinasinyaa na kushuka. Uzi haurudishi mfupa wala mafuta. Unafaa kwa mtu ambaye shavu limelegea kidogo tu. Kwa mstari wa taya uliokwisha kupotea, kwa maoni yangu utalipa fedha nyingi kwa miezi michache. Ukiwa umedhamiria kweli, kaa kwanza na daktari bingwa wa upasuaji rekebishi, hospitali kama Mloganzila wanao, akushike uso kwa mikono yake kabla hujamlipa mtu yeyote. Na kama jambo lenyewe ni harusi ya binti mwezi ujao, unaweza kuwa bado umevimba kwenye picha.

*Kamwene Sista. Nina miaka 38, mwalimu wa sekondari hapa Kihesa. Nilipotoboa masikio nikiwa darasa la saba yaliota nyama, yakakatwa, yakaota tena makubwa zaidi. Usoni sina kovu lolote la namna hiyo. Naweza kuwekewa nyuzi?*
Mwalimu, Iringa

Kamwene, Mwalimu. Usiweke.

Hizo ni keloidi. Kovu la kawaida linafika mahali fibroblasti zinapunguza kazi na nyingi kufa. Kwenye keloidi haziachi. Zinaendelea kufuma mpaka kovu linavuka mipaka ya jeraha lililolianzisha, na ndiyo maana kukata peke yake kunaleta kubwa kuliko la kwanza. Sisi wenye ngozi nyeusi tunazipata zaidi kuliko watu wengine, na sehemu zinazopenda ni ndewe za masikio, kifua, mabega, na mstari wa taya. Katikati ya uso hazioti mara nyingi, hilo ni kweli, na mtu anaweza kukushawishi kwa hoja hiyo. Lakini matundu ya kuingizia uzi yanatobolewa karibu na sikio na panja, jirani kabisa na mahali mwili wako ulipokwisha kuonyesha tabia yake. Halafu nyuzi zinafanya kazi kwa kuamsha fibroblasti zile zile. Kumlipa mtu aziamshe kwa makusudi ni jambo ambalo mimi nisingelifanya kwa mwanangu.

Kwa hayo ya masikio, kama bado yanakusumbua, onana na daktari wa ngozi. Kuna sindano za dawa zinazochomwa ndani ya keloidi kwa awamu, na wakati mwingine zinaambatana na kukatwa. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwepo tangu 1992, na wengi wa wataalamu wa ngozi wanaofanya kazi mikoani wamepitia pale.

*Shikamoo Mama. Nina miaka 24, nina saluni ndogo Tukuyu, nafanya kucha, kope na meikapu za maharusi. Kuna mtu anafundisha kuweka nyuzi kwa siku 2, unaondoka na cheti na pakiti za kuanzia. Anasema ni kama kudarizi tu, damu haitoki sana. Wateja ninao tayari. Nisaidie mawazo.*
Binti wa Tukuyu

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako kuliko zote, kwa sababu naona una bidii na umeuliza kabla ya kufanya. Jibu langu ni hapana, na naomba unisikilize mpaka mwisho.

Weka ncha ya kidole mbele ya sikio lako, juu kidogo ya pale taya inapochezea. Tulia. Unasikia mapigo? Huo ni mshipa wa damu unaopanda kwenda panja, na uko karibu sana na pale uzi unapoingizwa. Hapo hapo kwenye mfupa wa shavu linapita tawi la mshipa wa fahamu linaloinua nyusi, nalo liko juujuu mno. Shuka kidogo: kwenye shavu kuna tezi ya mate na mrija wake, unaovuka msuli wa kutafunia kisha kutoboka ndani ya kinywa. Na matawi mengine ya mshipa wa fahamu yanakwenda kwenye kope na midomo. Vyote hivyo huvioni unapoingiza sindano. Daktari anavijua kwa sababu ameshafungua maiti darasani, kisha akasimama miaka pembeni ya mwalimu wake. Tofauti ya kina kati ya mafuta, ambako uzi unatakiwa upite, na tabaka la chini ambako mishipa ya fahamu imelala, ni milimita chache. Ukikosea, bibi harusi wako anaweza kuamka kope halifungi au mdomo umekwenda upande.

Na hata mkono wako ukiwa mzuri, kuna vijidudu. Nimeeleza kwa Mama wa Mwanjelwa kwamba zile chembe nyeupe za mwanzo zinasafisha jeraha. Kijidudu kikipanda juu ya uzi kinajijengea utando na kujifunika, na chembe hizo pamoja na dawa havikifikii vizuri. Jeraha la kawaida lenye vijidudu vichache mwili unalimaliza. Jeraha lile lile likiwa na uzi ndani, vijidudu vichache vinatosha kuanzisha usaha.

Vipo vingine vibaya zaidi, ndugu wa vimelea vya kifua kikuu, ambavyo vinaishi kwenye maji, hata ya bomba, na vinavumilia baadhi ya dawa za kusafishia vifaa. Vimeripotiwa baada ya nyuzi za uso katika nchi mbalimbali. Havionekani siku ya 3. Mteja anakwenda nyumbani anafurahi, wiki kadhaa baadaye vinaanza kutoka vinundu vya zambarau kufuata njia ya uzi, vinapasuka, vinatoa majimaji. Antibayotiki za kawaida za duka la dawa havizijali. Matibabu ni miezi, kwa dawa zaidi ya moja, na mara nyingi uzi lazima utolewe. Makovu yanabaki usoni. Nimekaa na wagonjwa wa vidonda sugu wa namna nyingine kwa miaka, najua uso wa mtu ambaye kidonda kimekataa kufunga. Usikubali mkono wako ndio uwe chanzo.

Kuna sheria pia. Kupiga ganzi na kupitisha kitu chini ya ngozi ya mtu ni tiba, na anayefanya hivyo anatakiwa awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, katika kituo kilichosajiliwa. Vifaa tiba vinasimamiwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Cheti cha siku 2 hakitakusimamia mahakamani. Mteja akipata shida, huyo mwalimu wako wa kudarizi hatakuwepo Tukuyu.

Kama kweli unaipenda ngozi, kasome. Vyuo vya uuguzi na utabibu vipo, na umri unao. Na hapo ulipo, jipatie jina kwa usafi: osha na kuchemsha vifaa vyako vya kucha, tumia wembe mmoja kwa mtu mmoja. Maharusi wanalizungumza hilo kuliko unavyodhani.

*Sista, nimetumia mkorogo miaka mingi, sitaficha. Ngozi ya uso imekuwa laini mno, mishipa inaonekana, nikigusa kitu kidogo inachubuka. Nimeambiwa nyuzi zitaipa ngozi unene. Ni kweli?*
Mama wa mpakani, Tunduma

Ndugu yangu, asante kwa kutoficha, maana umewasemea wengi. Si kweli, na kwako hatari ni kubwa kuliko kwa mtu mwingine.

Mikorogo mingi ina steroidi kali, dawa za kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi. Steroidi inazibana fibroblasti. Zinaacha kufuma kolajeni, ile iliyopo inaendelea kuchakaa, na ngozi inabaki kama ulivyoieleza: nyembamba, yenye vishipa, inayochubuka. Sasa uzi unategemea seli hizo hizo. Ukiweka uzi kwenye ngozi iliyobanwa hivyo, ganda la kuushika linaweza lisijengeke vizuri, jeraha linachelewa kupona, vijidudu vinapata nafasi, na kwa kuwa ngozi ni nyembamba, uzi unaonekana kwa nje kama mstari, au mwisho wake unatoboa na kutoka. Na ngozi yetu ikiwashwa na kidonda chochote, inaacha doa jeusi linalokaa miezi. Hutaki madoa marefu mashavuni yanayofuata njia za nyuzi.

Mkorogo pia unaweza kuwa na haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, na zebaki. Zote hazitakiwi kwenye vipodozi hapa nchini, na zebaki inaharibu figo. Lakini usiuache ghafla leo usiku, kwa sababu ngozi iliyozoea steroidi ikinyimwa ghafla inaweza kulipuka: inawaka, inawasha, inatoa vipele vya usaha, na watu wengi wanarudia mkorogo kwa kukimbia hali hiyo. Nenda kwa daktari wa ngozi, mpelekee na kopo lenyewe, akushushe taratibu.

Wakati huo jikinge na jua. Nyanda za juu tunadanganywa na baridi. Mwezi wa saba mtu amejifunga kitenge na sweta, anadhani jua halimchomi, kumbe miale inayoharibu kolajeni inaongezeka kadiri unavyopanda juu kutoka usawa wa bahari, na sisi huku tuko zaidi ya mita 1,500. Kofia ya ukingo mpana, mafuta ya kukinga jua kama unayamudu, kivuli saa za mchana. Ngozi yako ikipewa muda bila steroidi, sehemu ya unene wake inaweza kurudi. Nimewaona waliorudi. Inachukua miezi mingi, na vile vishipa vingine vinabaki, lakini ule mchubuko wa kila siku unakoma.

*Habari ya kazi Sista. Niliwekewa nyuzi wiki 5 zilizopita. Juzi nimeona kitu kama bua dogo la plastiki linachomoza karibu na nywele, kushoto. Dada yangu anasema nikate na wembe, au nivute kitatoka chote. Pia nikicheka kuna kibonde kwenye shavu la kulia. Siumwi sana.*
Msomaji wa Makambako

Usivute. Uzi una miiba. Ukiuvuta nyumbani unaweza kukatika ndani, na ule uliobaki unakuwa umeshaguswa na uchafu wa nje. Usikate na wembe pia, kwa sababu kipande kinarudi chini ya ngozi kikiwa na kila kilichokuwa juu yake.

Uzi unachomoza kwa sababu mwisho wake uliachwa karibu mno na ngozi, au umehama kwa kutafuna na kucheka. Safisha kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa na sabuni laini, funika na gozi safi ya kufungia vidonda, usipake mafuta ya nywele upande huo, na urudi kwa aliyekuwekea ndani ya siku 1 au 2. Kama humwamini, nenda hospitali ya mkoa, uwaambie waziwazi ni uzi wa kunyanyua uso na wa aina gani. Wakishajua kuna miiba watafungua kidogo kwa ganzi na kuutoa kwa kufuata njia yake. Mwambie daktari kila kitu, usione haya. Nimewahi kuona mgonjwa anaficha, anapewa dawa za jipu, na jipu linarudi kila dawa zinapokwisha, kwa sababu chanzo chake bado kiko ndani.

Ukiona joto, usaha, homa, maumivu yanayopanda badala ya kushuka, au kope na mdomo vimebadilika, usisubiri hata kesho.

Hicho kibonde ni mwiba ulioshika juujuu, kwenye ngozi yenyewe badala ya mafuta, na ukicheka unaivuta ngozi ndani. Vibonde vingi vya namna hiyo vinalegea vyenyewe katika wiki za kwanza. Chako kimefika wiki ya 5, kwa hiyo mwonyeshe daktari safari hiyo hiyo. Wakati mwingine kukandwa na mtu anayejua kunakiachia. Usijikande mwenyewe, maana upande wa pili una tundu wazi.

*Sista, nina nyuzi za miezi 2. Nikipigwa eksirei zitaonekana? Na jino langu la nyuma limeoza, naogopa kwenda kung'oa.*
Msomaji wa Njombe

Polidioksanoni na nyuzi nyingine za kisasa zinazoyeyuka si chuma, haziharibu picha ya eksirei wala kipimo cha MRI. Zipo nyuzi za dhahabu katika baadhi ya nchi, hizo zinaonekana kwenye eksirei miaka yote.

Jino nenda kang'oe. Kupanua kinywa sana kunakatazwa wiki za mwanzo tu, 3 au 4, uzi ukiwa bado haujashikwa na nyama, na wewe umeshapita hapo. Jino lililooza lina usaha na vijidudu sentimita chache kutoka kwenye uzi wako, na hilo ndilo la kuogopa. Mwambie daktari wa meno kuna uzi upande upi, ili achague mahali pa kuchoma ganzi.